Mtoto Akitunga, Mzazi Awe Msikilizaji



Katika kurasa za jarida letu hili tumezoea kusoma juu ya madrasa ya Jumamosi, michango ya mazishi, mitihani ya watoto na habari za nyumbani. Mwezi huu naomba nafasi niandike juu ya jambo ambalo wazazi wengi hunong'onezana tu katika maharusi na hitima. Nalo ni hili: afanye nini mzazi ambaye mtoto wake, badala ya kusema kwamba anataka kuwa daktari au mhasibu, hushinda akiandika hadithi au akipiga ala ya muziki? Nyumbani kwangu wako wawili wa namna hiyo. Binti ana miaka 16, naye huandika. Mdogo wake wa kiume ana miaka 13, naye hupiga fidla na udi. Mimi baba yao ni dereva wa basi katika mji huu wa Leicester. Sikusomea fasihi wala muziki. Haya niandikayo ni ya mtu wa kawaida aliyepewa na Mola wake watoto wa aina hiyo, akawa hana budi kujifunza kazi ya kusikiliza.

Kwanza niondoe dhana moja. Wapo miongoni mwetu wanaoamini kwamba mtoto kukaa chumbani akitunga ni tabia aliyoiokota shuleni kwa Waingereza. Sivyo. Watu wa pwani yetu walitunga kabla ya shule hizo kuwako, na walitunga hasa nyumbani, mzazi kwa mwana. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, mjane wa Bwana Mataka aliyetawala Siyu, alitunga utenzi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, na aliyemtungia hakuwa mfalme wala mshairi mwenziwe, bali binti yake, Mwana Hashima. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, aliwatungia watoto wake tenzi mbili za nasaha: Utenzi wa Hati kwa ajili ya binti, na Utenzi wa Adili kwa ajili ya mwana wa kiume. Wazee hao walijua kwamba neno lililopangwa kwa mizani na vina hukaa kifuani muda mrefu kuliko neno lililosemwa mlangoni kwa haraka.

Huku tuliko mambo yamegeuka. Sisi wazazi aghalabu hatutungi. Tunafanya kazi za zamu, tunarudi tumechoka, na Kiswahili tunachowapa watoto kimekuwa Kiswahili cha amri: kula, vaa, kasali, funga mlango, zima taa, umemaliza kazi ya shule? Ni Kiswahili safi, lakini ndani yake hamna nafasi ya mtoto kueleza kwamba ana huzuni asiyoijua sababu yake. Kiingereza nacho kinamtosha shuleni, ila hakimfikishi kwa bibi yake. Yale yanayobaki katikati ya lugha mbili ndiyo anayoyaandika, au anayoyapiga. Basi zamani mzazi alimtungia mwana, na leo mwana ndiye anayemtungia mzazi, hata kama hakuandika jina letu juu ya karatasi.

Wahenga wetu walisema: mcheza kwao hutunzwa. Tumewaona wenyewe kina mama katika taarabu wakiinuka vitini, wakaenda mbele polepole na noti mkononi kumtunza mwimbaji. Tuulizane basi: mtoto aliyezaliwa Leicester, au Muscat, au Columbus, kwao ni wapi? Huku ataambiwa kwamba asili yake ni Zanzibar; akienda Zanzibar likizo, ataitwa mtoto wa Ulaya kabla hajashusha mizigo. Mahali pekee anapoweza kucheza akatunzwa kwa kuwa ni kwao ni sebule yetu. Sebule ikimkataa, atawatafuta watazamaji kwingine, kwa watu tusiowajua, ndani ya simu iliyo mkononi mwake, usiku, mlango umefungwa. Na tunzo anayoingoja kwanza kutoka kwetu ni sikio. Noti zitafuata zikiwapo.

Sasa nieleze yaliyotupitia, nikianza na binti.

Mwaka jana, usiku mmoja, nilirudi kazini saa saba. Chakula changu kilikuwa mezani kimefunikwa kawa kama ada, na chini ya ukingo wa kawa palikuwa na karatasi nne zilizoandikwa kwa mkono, kwa Kiingereza. Ilikuwa hadithi ya mtu anayerudi nyumbani usiku wa manane, akapasha chakula chake, kisha akaweka simu sikioni na kuusikiliza tena na tena ujumbe wa sauti wa mama yake aliye ng'ambo ya bahari, kwa sauti ya chini ili wanawe wasiamke. Wanawe walikuwa macho. Mwandishi wa hadithi alikuwa amelala ghorofani akihesabu mara ngapi ujumbe ule unarudiwa. Nilipofika ukurasa wa tatu chakula kilikuwa kimekwisha poa, na sikukila.

Katika ukurasa huohuo wa tatu palitajwa pia jambo la shangazi yake, talaka yake na yaliyoifuata. Mambo hayo katika ukoo wetu yanajulikana, lakini hayasemwi.

Asubuhi, kabla hajaenda shule, nilimwambia mambo matatu. La kwanza, nilimtajia sentensi moja ambayo sikuweza kuivuka: ile ya watoto waliokuwa macho. La pili, nilimwonyesha mahali ambapo sikufahamu nani anasema. La tatu, nilimuuliza, "Hili la shangazi yako, yeye analijua kwamba umeliandika?" Akajibu, "Baba, lakini ndivyo ilivyokuwa." Nikamwambia, "Ya kwako na ya kwangu yaandike yote. Ya shangazi yako ni amana. Kamwombe ruhusa mwenyewe." Alimpigia simu shangazi yake jioni ile. Shangazi alimsikiliza, akamshukuru kwa kuuliza, na akakataa. Binti alikata aya nzima, akanuna siku mbili, na siku ya tatu akaniletea hadithi imeandikwa upya. Aliisoma darasani kwa mwalimu wake wa Kiingereza. Mimi katika hadithi ile nimebaki kama nilivyo, na chakula changu kilichopoa.

Naleta kisa hiki kwa sababu sitara ndiyo hofu kubwa ya wazazi wa Kiswahili mtoto anaposhika kalamu. Tunaogopa kwamba ataanika nguo za ndani barabarani. Hofu hiyo ina msingi, na dini yetu imetuhimiza kusitiriana. Lakini mzazi anayesema "usiandike mambo ya nyumbani" amemnyima mtoto udongo wote wa kufinyangia chungu chake, kwani mtoto wa miaka 16 ana mambo gani zaidi ya nyumbani? Afadhali afundishwe kupambanua: kipi chake, kipi cha mwenziwe, na kwamba cha mwenziwe huombwa. Atakayeijua tofauti hiyo ataandika kwa adabu hata siku sisi tusipokuwapo kumsomea.

Wengine huniuliza, "Kuandika kutampa nini?" Huwajibu kwamba sijui, kama nisivyojua udaktari utampa nini wa kwao. Ila nawakumbusha mwenzetu Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Unguja mwaka 1948 na kuhamia nchi hii akiwa kijana katika miaka ya 1960. Riwaya yake ya kwanza ilichapishwa mwaka 1987, na Tuzo ya Nobel ya Fasihi aliipata mwaka 2021. Baina ya miaka hiyo miwili ipo miaka 34 ya kuandika, mingi yake huku akisomesha chuo kikuu. Silengi kusema kwamba kila binti anayejaza daftari atapata tuzo. Nataka tuone urefu wa njia yenyewe. Mtu haanzi safari ya namna hiyo ikiwa maneno ya kwanza aliyoyasikia kwao yalikuwa "acha upuuzi."

Nije kwa mdogo wake.

Yeye alianza na fidla, ambayo shuleni kwake wanafunzi huazimwa kwa ada ya muhula. Miezi ya mwanzo ya fidla ni mtihani wa imani. Sauti yake ni ya mlango ambao bawaba zake hazijatiwa mafuta tangu enzi za Sayyid Barghash. Mke wangu, ambaye hekima yake imeokoa mengi katika nyumba hii, alimpangia wakati: baada ya sala ya Alasiri mpaka inapokaribia Magharibi, na siku ninazolala mchana baada ya zamu, apigie chumba cha nyuma. Wakati ulipokuwa umepangwa, ugomvi ulikwisha. Mtoto alijua kwamba ile saa ni yake, na sisi tulijua kwamba itakwisha.

Kila Ijumaa tunampigia simu mama yangu, Unguja. Siku moja alimwimbia mjukuu wake, kwa mdomo tu, sauti ya wimbo wa taarabu ya zamani ambayo marehemu baba yangu aliipenda. Mtoto akaitafuta katika kinanda kidogo cha umeme tulicho nacho. Akatafuta sana. Kisha akanifunika sikio kwa mkono, akaninong'oneza, "Baba, Bibi anakosea sauti." Nikamwambia amuulize mwenyewe, kwa heshima. Akamwambia, "Bibi, shikamoo tena. Hii sauti yako katika kinanda haipo." Mama yangu akacheka mpaka akakohoa. "Marahaba mwanangu. Mimi sikukosea. Hicho kinanda chako ndicho kina mapengo."

Alikuwa na haki. Kinanda cha Kizungu hugawa ngazi ya sauti katika hatua 12 zilizo sawasawa, na kila ufunguo una hatua yake. Lakini katika maqam za Kiarabu zilizoingia katika taarabu yetu, kama vile Rasti na Bayati, zipo sauti zinazoangukia katikati ya hatua mbili, mahali ambapo pana ufunguo huku na ufunguo kule, na baina yake hamna kitu. Fidla na udi havina vigawanyo shingoni. Kidole hukaa popote sikio linapotaka. Mtoto alishika fidla yake, akateleza kidole polepole juu ya uzi, huku simu imewekwa mezani. Mara Bibi akasema, "Hapo hapo. Usiondoke." Akabaki hapo. Ile sauti iliyo baina ya funguo mbili ilisikika Leicester na Unguja kwa wakati mmoja, na kwa muda hapana aliyesema neno.

Tangu siku ile akataka udi. Nilimweleza habari za vikundi vya nyumbani: kwamba Nadi Ikhwan Safaa ya Unguja iliundwa mwaka 1905 na bado ipo; kwamba udi, fidla, ganuni na nai vilikaa pamoja katika taarabu ile; na kwamba Mji Mkongwe kilifunguliwa chuo cha muziki mwaka 2002 ambapo vijana husomeshwa ala hizo kwa utaratibu. Lakini udi ni fedha. Uliopatikana, tena uliokwisha tumika, ulikuwa pauni 150. Katika nyumba yetu kuna fedha moja isiyoguswa, nayo ni ile ya dawa za mama inayokwenda kila mwezi. Nilimweleza mtoto hesabu zote waziwazi: kodi, umeme, dawa za Bibi, na kinachobaki. Yeye alileta fedha zake za sikukuu. Mimi nikachukua zamu za Jumapili zilizopatikana. Ikatuchukua miezi saba. Hakununa hata siku moja, nami nadhani ni kwa sababu alionyeshwa hesabu badala ya kuambiwa "hatuna."

Hapa nafika penye uzito, na nitasema kwa uangalifu.

Baada ya sala ya Ijumaa, mzee mmoja katika jamaa zetu, mtu ninayemheshimu kama baba, alinishika mkono pembeni. "Nasikia kijana umemnunulia udi." Nikamwambia, "Ndiyo, mzee wangu." Akasema, "Umeuliza?" Nikamwambia nimeuliza. Tulikaa tukazungumza mpaka msikiti ulipobaki mtupu. Mimi si mwanachuoni na ukurasa huu si mahali pa fatwa. Ninachojua ni kile alichonifahamisha sheikh niliyemwendea: kwamba wanavyuoni wamehitilafiana; kwamba wengi katika madhehebu manne walizikataza ala za nyuzi; kwamba Imamu Ghazali aliitengea habari ya kusikiliza sehemu nzima katika kitabu chake cha Ihyaa, akapambanua baina ya sauti na sauti, na hali na hali; na kwamba Ibn Hazm wa Andalusi alishika rai ya kuruhusu. Kila nyumba na imwulize sheikh wake na ifuate kile ambacho dhamiri yake itatulia kwacho mbele ya Mwenyezi Mungu. Anayeishia kwenye dufu na kasida, amebaki katika jambo lililozoeleka kwetu vizazi kwa vizazi, na mtoto wake anaweza kujifunza mengi humo ya sauti, pumzi na matamshi.

Kwetu tuliweka masharti, na mtoto aliyasikia kabla udi haujafika. Adhana ikilia, udi hulala. Mwezi wa Ramadhani hufungwa ndani ya mfuko wake na kutundikwa. Haupigwi penye ulevi. Hauimbiwi maneno ambayo huwezi kumtafsiria Bibi yako. Sharti hili la mwisho ndilo lililomfanya acheke, na ndilo analolikumbuka zaidi kuliko yote.

Yule mzee hakukubaliana nami. Aliniambia hivyo wazi, na nikamshukuru kwa uwazi wake. Tunaendelea kupeana salamu, na tunaendelea kukaa safu moja. Kabla hatujaagana siku ile aliniuliza mama yangu anaendeleaje. Nikamwambia kwamba anasahau.

Naam, mama yangu anasahau. Ana umri wa miaka 80 na zaidi, macho yake hayasomi tena, na siku nyingine humwita mwanangu kwa jina la marehemu kaka yangu. Hii ndiyo sababu jambo hili la watoto kutunga si la anasa kwetu. Sauti ile aliyomwonyesha mjukuu wake, mimi mwenyewe siijui kuiimba. Ndugu zangu hawaijui. Sasa anaijua kijana mmoja wa Leicester. Lau ile saa baina ya Alasiri na Magharibi isingalitengwa, ingalikwenda pamoja naye.

Binti naye alipoona mdogo wake ana jambo na Bibi, akataka lake. Hadithi zake ni za Kiingereza, na Bibi hajui Kiingereza. Akaniuliza, "Baba, mtu akitaka kumwandikia Bibi kitu cha kusikiliza, aandikeje?" Nikamfundisha utenzi, kwa kadiri nilivyofundishwa mimi: mistari minne kwa ubeti, mizani minane kwa mstari, mistari mitatu ya kwanza ina kina kimoja, na kina cha mstari wa nne hurudi katika kila ubeti mpaka mwisho. Tulihesabu kwa vidole mezani. "Nyumba" ni mizani miwili. "Mtoto" ni mitatu, kwani ile "m" ya mwanzo inasimama peke yake. "Nchi" ni miwili. Yeye, kama wenziwe wengi waliozaliwa huku, alizoea kuimeza ile "m" au kuitilia irabu isiyokuwa yake. Nilikuwa nimemsahihisha matamshi hayo kwa miaka bila ya mafanikio. Mizani ilimsahihisha kwa jioni moja, kwa sababu mstari ulikataa kutimia.

Mstari wake wa kwanza ulikuwa "Bibi nakutumia salamu." Akahesabu: mizani kumi. Akakasirika, akafuta, akarudi. Baada ya wiki mbili alikuwa na beti sita, na wa kwanza ulikuwa huu, ambao ameniruhusu niuchapishe:

Bibi nakupa salamu
kwa wino na kwa kalamu
rohoni ninayo hamu
japo niko ugenini

Alimsomea Bibi kwenye simu siku ya Ijumaa. Upande wa pili pakawa kimya, nikadhani amelala au amesahau nani anayesema. Kisha sauti ya mama yangu ikaja, taratibu, kama mtu anayetoa sahani kabatini moja baada ya moja:

Salamuzo mjukuu
zimefika kwa miguu
nimezipandisha juu
kichwani na mtimani

Hesabuni wenyewe: mizani minane kila mstari, na kina cha mwisho kinafuata kile cha mjukuu wake. Alijibu papo hapo, yeye ambaye asubuhi ile aliniuliza mara tatu kama nimekwisha kuoa. Binti aliandika jibu lile mkononi mwake kwa kalamu ya wino kwa kuwa hakuwa na karatasi karibu, na hakunawa mkono ule mpaka alipokwisha kulinakili katika daftari.

Kutokana na hayo niliyoyaona, nawaletea wazazi wenzangu shauri chache. Mwenye zilizo bora na azilete katika toleo lijalo.

Mtoto akikuletea alichotunga, weka simu chini na usikilize mpaka mwisho, hata kama ni kirefu, hata kama ni kibaya. Kisha mwambie jambo moja mahsusi. Kusema "mashaallah, vizuri sana" ni njema, lakini mtoto mwerevu hujua kwamba maneno hayo huambiwa hata biriani. Ukimtajia mstari uliobaki moyoni mwako, atajua kwamba ulikuwapo.

Swali hufaa kuliko sahihisho, na sahihisho likilazimu liwe faraghani. Mtoto aliyesahihishwa Kiswahili chake mbele ya wageni hatakisema tena mbele ya wageni. Wala usimwite sebuleni kila anapokuja mgeni ili apige au asome kama mapambo ya nyumba. Kazi ni yake. Akitaka kuionyesha, ataionyesha.

Mpe zana: daftari, kamusi ya Kiswahili, saa yake maalumu, na kanuni za utunzi. Vijana hudhani kwamba kanuni hufunga; acha aone zinavyofungua. Kama huzijui wewe, katika kila mji wetu wapo wazee wanaojua mizani, maqam, au namna ya kusoma Maulidi ya Barazanji kwa sauti zake. Wazee hao wanakaa nyumbani wakitazama dirisha. Wapelekee mtoto.

Weka mipaka, na iwe imesemwa mapema. Binti yangu yuko katika mwaka wa mitihani. Tumekubaliana kwamba tangu Januari mpaka mitihani iishe, kuandika hadithi ni Jumamosi na Jumapili tu. Analalamika kidogo, ila anashika ahadi, kwa sababu anajua kwamba ni mpaka wa muda na kwamba hapana anayemnyang'anya kalamu.

Na mwisho, hifadhini. Kila karatasi itiwe tarehe. Sauti za wazee zirekodiwe, watoto wenyewe wawe ndio wanaorekodi na kuuliza. Nyumbani kwangu yapo makasha mawili ya viatu yaliyojaa, na nimewaambia watoto kwamba siku tutakapohama, hayo yatatoka nyumbani kabla ya runinga.

Nina ombi moja kwa kamati yetu. Ukumbi wa madrasa ya Jumamosi hubaki wazi kwa nusu saa baada ya masomo, wakati wazazi wakingojeana. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi nusu saa hiyo wapewe watoto: mwenye shairi asome, mwenye hadithi asimulie, mwenye kasida na dufu apige. Pasiwe na mashindano wala zawadi, na yeyote asisahihishwe mbele za watu. Sisi wazazi tukae vitini tu, tunyamaze, tuwasikilize wanetu mpaka wamalize. Walio tayari kusaidia wawaone wanakamati Jumamosi ijayo, Inshaallah. Mimi nitaleta chai na mandazi.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie wazee wetu na atuongozee watoto wetu. Amin.

Wabillahi tawfiq, Wassalaam Alaykum.